Makaa ya mawe ya Lamu yaliangushwa na mikutano, sio moshi

Watu wengi ukiwatajia Lamu na makaa ya mawe wanakupa hadithi fupi: kampuni kubwa ilitaka kuchoma makaa, watu wa mazingira wakapiga kelele, korti ikasimamisha, kwisha. Nimesikia hata watu waliosoma wakiieleza hivo hivo. Sasa shida ni kwamba ukiichukua hivo huelewi kwa nini Waamu wengine walikuwa wanautaka ule mtambo, wala kwa nini balozi wa Marekani alijitosa kuutetea, wala kwa nini mji ulioshinda kesi kubwa vile bado unalia na maji na mikoko na bandari. Hebu tufungue fundo moja moja, na nitaanza na stima manake yote yalianzia huko.

Mwaka 2013 serikali mpya ya Jubilee ilitangaza kwamba itaongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40. Ilikuwa ahadi kubwa mno ukizingatia nchi nzima wakati ule ilikuwa inatumia chini ya megawati 2,000 hata saa zile za jioni kila mtu amewasha taa na TV na pasi. Lakini hesabu ya serikali ilikuwa kwamba viwanda vinakuja, reli ya umeme inakuja, na juu ya yote bandari mpya ya Lamu inakuja, ule mradi wa LAPSSET wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ambao Rais Kibaki aliuzindua pale Magogoni tarehe 2 Machi 2012 akiwa na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, bandari ya gati 32 kwenye makaratasi. Bandari inataka stima, viwanda vya pembeni vinataka stima, basi jengeni mtambo hapo hapo. Ndo ikaja Amu Power, ubia wa kampuni mbili za Kenya, Centum na Gulf Energy, na mpango wa mtambo wa megawati 1,050 pale Kwasasi, upande wa bara, kama kilomita 20 kaskazini ya mji wa kale. Gharama kama dola bilioni 2, sehemu kubwa mkopo wa benki ya Kichina ya ICBC. Baadaye General Electric ya Marekani nayo ikaja ikitaka hisa.

Na makaa yenyewe? Yangeletwa na meli kutoka Afrika Kusini, mpaka siku yale ya Kitui yatakapoanza kuchimbwa. Yaani mtambo wa kumshushia Mkenya bei ya stima ungekuwa unanunua makaa nje, kwa dola.

Hapa kuna kitu ambacho wengi walikiruka na mimi naona ndo kiini cha upande wa pesa. Mikataba ya stima ya aina hii huwa inasema hivi: mtambo ukishakuwa tayari, kampuni ya umeme ya taifa inalipa, itumie isitumie. Mtambo ukae kimya mwaka mzima, malipo yako palepale. Kwa Lamu malipo hayo yalikadiriwa kama dola milioni 360 kwa mwaka, kwa miaka 25. Na hiyo pesa haitoki mfukoni mwa waziri, inatoka kwa tokeni ya mama wa Kibera na ya fundi cherehani wa Kisumu. Sasa viwanda vile vilivyotarajiwa havikuja kwa kasi ile, alafu huko Olkaria mvuke wa ardhini ukawa unaongezeka, na Turkana mitambo 365 ya upepo ikasimamishwa, megawati 310. Kwa hiyo hata mtu asiyejali chochote kuhusu hewa, akikaa na kalkuleta tu, swali lilikuwa: hii stima ni ya nani?

Sasa tabianchi yenyewe. Wanaotetea makaa walikuwa na hoja moja nzito na sitaki kuipitia juu juu. Kenya inatoa chini ya asilimia 0.1 ya hewa chafu yote ya dunia. Uingereza, Ujerumani, Marekani na China wamechoma makaa miaka na miaka wakajenga reli na viwanda na hospitali, leo sisi tukitaka mtambo mmoja tunaambiwa tuhurumie dunia. Hiyo hoja ni ya haki na mtu akikuambia hivo barazani huwezi kumjibu kwa kumpa somo la gesi ya kaboni. Ndo maana kwenye mikutano ya dunia nchi za Afrika zinadai pesa za hasara na uharibifu, yaani za kulipia madhara ya tabianchi, na kule Sharm el-Sheikh mwaka 2022 mfuko wake ukakubaliwa, ingawa kukubali na kutia pesa ni mambo mawili.

Lakini ukiiweka hoja hiyo pale Kwasasi inaanza kuyumba. Kenya tayari ilikuwa inapata stima yake nyingi kutoka kwa mvuke, maji na upepo, kwa hiyo sio kwamba ilikuwa kiza au makaa. Na ripoti ya mradi wenyewe ilikadiria mtambo utatoa kama tani milioni 8.8 za kaboni kila mwaka, wakati mwaka 2015 kuelekea mkutano wa Paris serikali hiyo hiyo iliahidi kupunguza hewa chafu kwa asilimia 30 kufikia 2030 ukilinganisha na ambavyo ingekuwa bila hatua yoyote. Mkono mmoja unatia saini, mwingine unatoa leseni. Tena wale waliokuwa wanatutetea tuchome hawakuwa maskini wenzetu. Juni 2019 balozi wa Marekani, Kyle McCarter, alikuwa kwenye Twitter akiyasifia makaa kuwa ni chaguo zuri hata kwa mazingira, wakati kampuni ya kwao ndo ingeuza mashine. Unaweza kusema ni sadfa.

Tuondoke huko tuje mjini. Mwamu wa kawaida hakuwa anaamka akiwaza joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi moja na nusu. Alikuwa anawaza pepo. Kuanzia kama Disemba mpaka Machi kaskazi inavuma, inatoka kaskazini mashariki, na mtambo ungekuwa upande huo huo wa kaskazini na bomba la moshi la mita 210. Mtu yeyote aliyewahi kutweka tanga kwenye dau anajua moshi ungeelekea wapi bila kuonyeshwa ramani ya kompyuta. Alafu kuna maji ya bahari: mtambo wa aina ile unavuta maji kupoza mashine na kuyarudisha yakiwa moto, na kule yanakorudi ndo samaki wanakozalia, kwenye mikoko na majani ya bahari. Alafu jivu. Makaa yakiungua yanaacha jivu lenye zebaki na madini mengine mabaya, na linarundikwa sehemu moja miaka na miaka, pembeni ya pwani inayopata mafuriko. Na juu ya hayo mji wenyewe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ambazo hata chumvi ya kawaida inazitafuna, sijui mvua ya asidi ingezifanya nini.

Haya, kesi. Watu wengi hawajui kwamba hukumu ile haikusema makaa ni haramu. NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ilitoa leseni Septemba 2016. Save Lamu, muungano wa vikundi vya pale pale, pamoja na wakazi wengine wakaenda kwenye jopo la mazingira, lile wanaloliita NET, Novemba mwaka huo huo. Ikachukua miaka. Tarehe 26 Juni 2019 jopo chini ya mwenyekiti Mohammed Balala likafuta leseni, na sababu kubwa ya kwanza ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa kama sheria inavotaka.

Na hapa ndo penye utamu wa sheria. Kampuni ilisema mbona mikutano tulifanya, picha zipo, majina yapo. Ni kweli ilifanyika mikutano. Lakini ilifanyika kabla ya uchunguzi wa athari kukamilika. Yaani watu walikusanywa wakaelezwa kuna mradi mzuri unakuja, kazi zitakuwepo, wakaandika majina kwenye karatasi ya mahudhurio, wakanywa soda. Baada ya wataalamu kumaliza ile ripoti nene yenye mambo ya zebaki na maji moto na jivu, hakuna aliyerudi kuwaambia wananchi: haya ndo tumeyapata, mnasemaje? Jopo likasema huko sio kushirikisha. Huwezi kutoa maoni juu ya madhara ambayo hujaambiwa. Ukifikiri vizuri ni jambo jepesi kabisa, mtoto wa chuoni atalielewa, lakini ndo liliangusha mradi wa dola bilioni 2.

Sababu nyingine ilikuwa tabianchi kweli, lakini iliingia kwa mlango wa sheria. Kenya ilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi 2016, ikaanza kutumika Mei mwaka huo, miezi michache tu kabla ya leseni. Ripoti ya mradi haikuizingatia. Jopo likasema sheria ipo, mlipaswa kuipima nayo. Kwa hiyo ukiulizwa kama siasa ya tabianchi iliokoa Lamu, jibu langu ni nusu: iliokoa kwa sababu kulikuwa na wabunge Nairobi walioipitisha, na kulikuwa na watu Lamu walioisoma.

Amu Power walikata rufaa. Lakini huku kesi ikikokotana, pesa zikaanza kukimbia zenyewe. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa mwishoni mwa 2019, ICBC nayo ikaondoka mwaka uliofuata, na Septemba 2021 Xi Jinping akatangaza China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufaa. Wakati huo mtambo ulikuwa umeshakufa kibenki hata kama kisheria ulikuwa bado unapumua.

Sasa tuje kwa mambo ambayo hayasemwi kwenye picha za ushindi. Sio kila mtu Lamu alishangilia. Kijana aliyemaliza fomu foo yuko Mokowe au Hindi hana kazi, aliposikia mtambo utaajiri maelfu, utamwambia nini? Utalii ulishaanguka tangu utekaji nyara wa 2011, ukaja usiku wa mashambulizi ya Mpeketoni 2014, ikaja kafyu, wavuvi wakazuiwa kuvua usiku kwa miaka kwa sababu za usalama, na mvuvi ukimzuia usiku umemkata mkono manake samaki wengi huvuliwa usiku. Katika hali ile ukimletea mtu habari ya moshi wa miaka kumi ijayo anakuangalia tu. Na wale wenye mashamba pale Kwasasi, kama ekari 975 zilitengwa, wengine walikaa miaka wakisubiri fidia, shamba huwezi kupanda mnazi kwa sababu utang'olewa kesho, huwezi kuuza kwa sababu nani atanunua. Kwao ushindi wa kesi ulikuwa na ladha ya chumvi chumvi. Sioni kwa nini tuwaite wasaliti kama baadhi ya watu walivofanya. Waliahidiwa kitu na serikali yao.

Bandari nayo ni fundo jingine, na huwa inachanganywa na makaa wakati ni kesi tofauti kabisa. Uchimbaji wa njia ya meli ulitifua tope, ukafunika matumbawe, ukaondoa mikoko, na wavuvi wakawa wanatoka na kurudi na madema matupu kwenye sehemu walizozijua tangu kwa babu zao. Sasa ukimwambia mwenye kidau kidogo cha mbao aende bahari kuu akavue huko, na mawimbi yale ya kusi, unamtuma akafe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Umesoma vizuri, walishinda. Kulipwa ndo ikawa hadithi nyingine, mazungumzo juu ya mazungumzo, kiasi gani kiwe pesa taslimu na kiasi gani kiwe boti na nyavu na vifaa, na wakati wanazungumza Mei 2021 Uhuru Kenyatta akaja kufungua gati ya kwanza. Meli ya kwanza ilitia nanga kabla ya pesa.

Alafu mikoko. Kaunti ya Lamu peke yake ina kama asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, na kuna familia ambazo kazi yao tangu enzi za majahazi ya Arabuni ni kukata boriti, wanajua mkoko, mchu, mkandaa na muia kila mmoja na kazi yake, huu wa boriti ya nyumba, huu wa chombo, huu wa kuni tu. Biashara ya kuuza nje ilishapigwa marufuku tangu 1982, ikabaki soko la ndani. Februari 2018, mito ikikauka huko bara na watu wa Nairobi wakiona kwenye habari misitu ya milimani imekwisha, serikali ikasimamisha ukataji wa miti kwenye misitu yote ya umma. Mikoko ikaingizwa humo humo. Mkataji wa boriti wa kisiwani, ambaye mti wake unaota kwenye maji ya chumvi na hauna uhusiano wowote na mito ya Aberdare, akaambiwa asikate kwa ajili ya mazingira, na ukiinua macho upande wa pili unaona mashine za bandari zimeshafyeka mikoko bila mtu kukamatwa. Kama unataka kuelewa kwa nini neno mazingira linawatia watu wengine hasira pale pwani, anzia hapo. Mti ni ule ule.

Kuna wanaosema dawa ni kaboni, na mfano upo kusini, kule Gazi kaunti ya Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013 unalinda hekta 117 za mikoko, wanapima kaboni inayobaki kwenye miti na kwenye matope, wanaiuza kwa vipimo vya tani, kama tani 3,000 kwa mwaka, na pesa zinaingia kwenye maji ya kijiji na shule. Unafanya kazi, sina maneno. Ila Gazi ni kijiji kinachojuana na eneo ni dogo. Lamu ni maelfu ya hekta, wenye kudai ni wengi, na swali la kwanza kabla ya bei ya tani ni nani ataketi mezani akitia saini. Sheria ya tabianchi iliporekebishwa 2023 iliweka kwamba miradi ya kaboni ya ardhini lazima itoe angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka kwa jamii husika, na hilo ni jambo zuri, lakini jamii ni akina nani? Mkataji wa boriti wa Pate, mvuvi wa kaa wa Matondoni, au mwenye ofisi mjini aliyesajili kikundi wiki iliyopita? Hapo sheria inakuachia.

Na ukitaka tatizo ambalo halina Mchina wala Mmarekani wa kumlaumu, nenda Shela ukaangalie vilima vya mchanga. Mgeni anaona ufuo mzuri wa kupiga picha. Mwenyeji anajua pale ndo tangi la mji. Mvua ikinyesha inazama kwenye mchanga, na chini kule maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, na visima vinavuta pale juu taratibu. Ukivuta kwa pupa chumvi inapanda. Ukijenga juu ya mchanga ukachimba mashimo ya choo, uchafu unashuka. Na ndo hivo, kwa miaka watu wamekuwa wakijitokeza na hati za viwanja juu ya vilima vile, nyumba za kifahari na mabwawa ya kuogelea, kesi zinakuja zinakwenda. Bahari ikizidi kupanda na mvua ikizidi kuwa ya kubahatisha, tangi lile linabanwa pande zote mbili, juu na chini. Mimi naona hili ni kubwa kuliko makaa, kwa sababu makaa yalihitaji dola bilioni 2 kuja na hili linahitaji afisa mmoja wa ardhi na muhuri.

Kwa hiyo mtu akiniuliza siasa ya tabianchi Lamu ni ipi namwambia kuna ngazi tatu ambazo hazizungumzi. Duniani wanahesabu tani na kugawana lawama. Nairobi wanahesabu megawati na mikopo, na mwezi ukiandama wanaandaa mkutano mkubwa kama ule wa tabianchi wa Septemba 2023 kwenye ukumbi wa KICC ambapo viongozi wa Afrika walitoa Azimio la Nairobi. Lamu wanahesabu ndoo za maji na kilo za samaki. Kesi ya makaa ilikuwa mara moja adimu ambapo wa ngazi ya chini walipata mlango wa kuingilia, na mlango wenyewe ulikuwa kifungu cha kanuni kuhusu mikutano.

Mlango huo bado upo na ni wa kila mtu, sio wa Lamu tu. Mradi mkubwa ukija, NEMA inatakiwa kutangaza ripoti ya athari kwenye Gazeti Rasmi la serikali na magazetini na kupokea maoni ya maandishi. Ripoti yenyewe mara nyingi ni ya Kiingereza, kurasa mia kadhaa, na viambatisho ndo penye mambo, usisome muhtasari ukalala. Angalia mikutano ilifanyika tarehe ngapi na uchunguzi uliisha tarehe ngapi. Angalia kama neno tabianchi limetajwa kwa hesabu au limetupiwa tu mwishoni kama salamu. Leseni ikishatoka una siku 60 za kwenda kwenye jopo. Kwasasi leseni ilitoka mwanzoni mwa Septemba na kesi ikaingia Novemba, hesabu mwenyewe ilibaki nafasi gani.